Chai ya Kichwa Hainywewi Penye Upepo

Mchungaji, wazee wetu, wajomba mliofika jana na basi kutoka Same, wafanyakazi wenzake mama, majirani wa Maisaka na Nangara mlioketi chini ya turubai hili na mliosimama kule ukutani kwa kukosa viti, shikamooni wote mnaostahili shikamoo, na wewe Mama Muzamil, Bi Sabaha, uliyekaa ng'ambo ya njia barazani kwako huku duka umelifunga siku ya nne leo, shikamoo, najua spika inakufikia, naomba usiingie ndani mpaka nimalize.

Kwa jina naitwa Goodness Sosthenes, ni mtoto wa pili na wa mwisho wa marehemu, na kazi hii ya kuwasomea maisha yake ilikuwa ya kaka yangu Jesse kwa kuwa ndiye mkubwa, lakini amejaribu kuisoma mara mbili chumbani na mara zote mbili sauti imemkatalia kwenye tarehe ya kuzaliwa, akaniwekea karatasi mkononi akisema, wewe si ndiye unayeshinda midahalo huko Dodoma, haya, shinda na hili. Baba mdogo Melkiori, mwenyekiti wa kamati ya msiba, aliniagiza sehemu ya ugonjwa na kifo iwe mistari miwili, yaani aliugua kichwa kwa muda, akafariki ghafla, na mimi Baba mdogo namheshimu, mistari hiyo miwili nimeiandika kama alivyotaka, kisha nikaendelea kuandika.

Mama yetu, Elieshi Heriel, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1971 huko Gonja, wilaya ya Same, mkoa wa Kilimanjaro, akiwa mtoto wa nne kati ya saba wa Mzee Heriel na Mama Nakunda, ambao wote wametangulia, na kwa kuwa watoto walikuwa wengi na chakula kilikuwa cha kugawana, alilelewa zaidi na bibi yake mzaa mama, ambaye nyumba yake ilikuwa juu kabisa mlimani, kwenye ukungu unaokaa hadi saa nne za asubuhi. Naomba muishike nyumba hiyo akilini kwa sababu nitairudia, ilikuwa ya udongo, majani juu, mafiga matatu katikati, haikuwa na dirisha wala bomba la moshi, moshi ulitoka wenyewe ukipenya kwenye majani mpaka paa lote likawa jeusi kama kitako cha sufuria, na ukikaa humo macho yanawasha, ukizidiwa unatoka nje unakohoa, unafuta machozi, unarudi. Bibi huyo ndiye aliyemfundisha mama chai ya kichwa, yaani mchaichai, tangawizi iliyopondwa na maganda yake, majani matatu ya mkaratusi na kipande cha mdalasini, na pamoja na chai akampa sheria yake, kwamba chai ya kichwa hainywewi penye upepo, unafunga mlango, unakaa karibu na moto inapochemkia, unajifunika kanga kichwani, unakunywa ikiwa inaunguza mpaka utoke jasho, na ukithubutu kutoka nje kabla jasho halijakauka, kichwa kitarudi na kitakuja na ndugu zake.

Kuhusu elimu, mama alianza darasa la kwanza mwaka 1980 katika shule ya msingi ya hapo hapo kijijini na kumaliza la saba mwaka 1986, akafaulu, lakini nafasi za sekondari zilizokuja shuleni kwao mwaka ule zilikuwa mbili na yeye alikuwa wa tatu, jambo ambalo alilisimulia maisha yake yote bila kulia, hata tukimletea ripoti nzuri za shule alikuwa akisema, hongera, lakini mkumbuke mnaongea na mtu wa tatu wa mwaka themanini na sita. Mwaka 1988 hadi 1989 alisoma upishi na ushonaji katika kituo cha kanisa mjini Same, na cheti chake kipo, nimekikuta juzi ndani ya Biblia, hakijakunjwa hata pembe.

Tarehe 26 Novemba 1994 alifunga ndoa takatifu huko Gonja na baba yetu, Sosthenes, fundi ujenzi, na Februari iliyofuata wakahamia hapa Babati kufuata kazi, wakapanga chumba kimoja Nangara, baba akijenga nyumba za watu na mama akiuza chai na maandazi karibu na stendi. Walijaliwa watoto wawili, Jesse aliyezaliwa tarehe 3 Juni 1997, ambaye anafanya kazi machimboni Mirerani, na mimi niliyezaliwa tarehe 21 Oktoba 2002, ambaye ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu chuo kikuu, na mjukuu mmoja, binti wa Jesse, ambaye leo ameuliza mara tano bibi anaamka saa ngapi.

Mwaka 2003, mkoa wetu ukiwa bado mchanga na ofisi zikifunguliwa moja baada ya nyingine, mama aliajiriwa kuwa mhudumu katika ofisi moja ya serikali hapa mjini, akahudumu humo miaka ishirini na miwili mfululizo, hadi Ijumaa ya tarehe 11 Julai 2025, na alikuwa anahesabu miezi ili mwakani mwezi wa nane atimize hamsini na mitano na kustaafu kwa hiari. Wenzake wa ofisini mko hapa, mtanisahihisha nikikosea, mnasema kikao kikizidi muda wa saa tatu watu walikuwa wanakuja mmoja mmoja kwenye kijumba chake cha chai wameshika paji la uso, na kuna bosi mmoja, simtaji, alipohamia tu hapa alimwambia mbele za watu, Mama Jesse, hayo majani unayotembea nayo ni ya mbuzi, mama akacheka na wengine, haukuisha mwezi, wiki ya bajeti, bosi huyo huyo akaja mwenyewe mikono yote miwili kichwani, mama akageuka akaita wenzake kwa sauti, jamani, mbuzi amekuja, mpisheni apate kiti. Walicheka mpaka bosi akacheka, akanywa, na kuanzia siku hiyo kila akienda Dodoma kikazi alimletea mdalasini.

Nataka hili lisikike vizuri, kwa sababu siku hizi nne nimesikia mengine, mama hakuwa mganga, hakumuuzia mtu majani hata mara moja, na hakuwahi kumwambia mtu kwamba chai inaponya ugonjwa, alisema mimi napoza, sitibu, na mtu akirudi siku ya tatu kichwa bado kinamuuma, alimnyang'anya kikombe, akamwambia nenda kapime, hapa umeshamaliza, na wapo watu chini ya turubai hili waliogundulika wana presha kwa sababu mama alikataa kuwapa kikombe cha nne.

Nyumba hii mnayoiona nyuma yangu, baba aliianza mwaka 2003 kwa mikono yake, tukahamia Desemba 2006, na juu ya kila dirisha aliacha matundu ya hewa, matofali yale yenye uwazi, mistari miwili miwili, mama akalalamika miaka nenda rudi kwamba vumbi la Maisaka lote linaishia kwenye makochi yake, na baba alikuwa na jibu moja tu, Mama Jesse, hata banda la kuku lina tundu, sembuse la watu. Baba alifariki tarehe 9 Machi 2017 kwa ugonjwa wa kisukari, tukamzika hapa pembeni tunapokwenda kumlaza mama leo, na matundu yake yakabaki.

Sasa nafika kwenye mistari miwili ya Baba mdogo. Mama aliugua kichwa kwa muda wa mwaka mmoja na miezi miwili, akafariki ghafla tarehe 13 Julai 2025. Hiyo imetosha kwa anayetaka kwenda kunawa mikono ale, lakini mimi siwezi kukaa, kwa sababu kuanzia Jumatatu mji huu umeshaandika historia nyingine ya mama yangu bila karatasi, na inasomwa sokoni, kwenye bajaji, hata humu ndani kwenye mikeka ya akina mama, kwamba Elieshi aliwekewa kitu kwenye chai, kwamba mtu wa mwisho kunywa naye ni jirani yake, kwamba tangawizi ilitoka dukani kwa jirani huyo, kwamba jirani aliondoka mzima akarudi kumkuta amekufa, haya, jumlisha mwenyewe. Juzi Bi Sabaha aliletea msiba huu chupa kubwa mbili za chai na sinia la vitumbua, kama alivyofanya wakati baba yetu alipofariki, kama mama alivyomfanyia yeye alipofiwa na mama mkwe, na chupa zile zimerudi kwake zimejaa, vitumbua vimerudi vimefunikwa na kitambaa kile kile, hakuna aliyemwambia neno, hakuna aliyemfukuza, walimrudishia tu, na nyote mnajua chombo kikirudi kimejaa kinasema nini. Jana asubuhi nimetoka nje nimekuta mchaichai wote wa pale kwenye uzio umeng'olewa na mizizi, nikauliza ni nani, shangazi Kandida akanijibu, mimi, mwanangu, siwezi kukaa na kilichomuua wifi yangu, naye alikuwa analia akisema hivyo, nikainama nikaanza kuyaokota majani.

Shangazi, leo ninakujibu, na ninakujibu kwa heshima zote, sio mchaichai.

Mwezi Aprili 2024, Jesse na mimi tuliamua kumfurahisha mama, tukaleta fundi, akaweka siling bodi nyumba nzima, akatoa madirisha ya zamani ya mbao yaliyokuwa yamejipinda akaweka ya aluminiamu yenye vioo, yale ya kusukuma pembeni, na kazi ikiwa katikati fundi alinipigia simu nikiwa chuoni, akasema, dada, haya matundu ya juu tuyaache au tuyazibe, na mimi, ambaye kwenye mdahalo sitoi jibu bila kuuliza maswali mawili ya nyongeza, sikumuuliza hata moja, nilimwambia ziba, vumbi linamsumbua mama. Akaziba kwa saruji, akapaka na rangi. Mama alitoa sadaka ya shukrani kanisani, majirani wakaja kusukuma madirisha kwenda na kurudi kama watoto, na Bi Sabaha akamtania, Mama Jesse, sasa umekuwa benki, tutaanza kupanga foleni nje.

Mei ikaingia na baridi yake, upepo ukaanza kushuka kutoka mlima Kwaraa, na mama akaanza kuumwa kichwa, chote, kama kimefungwa kamba, alivyokuwa anasema, pamoja na kichefuchefu na miguu kulegea. Alifanya kile alichofanya maisha yake yote, aliingiza jiko dogo la mkaa sebuleni, akabandika birika, akafunga mlango, akafunga vile vioo vyetu, akajifunika kanga, akanywa mpaka akatoka jasho, na kichwa kikazidi. Kilipozidi akaongeza mkaa. Miaka kumi na saba alikuwa ameketi sebule ile ile na jiko lile lile na hakupatwa na kitu, kwa sababu juu ya kichwa chake kulikuwa na matundu ya baba, na kabla ya hapo kwa bibi yake kulikuwa na paa la majani, na moshi wa kuni una hisani moja, unakuwasha macho unakufukuza, mkaa ukishashika vizuri hauna moshi, haukuambii kitu, unakaa nao kama mgeni mwenye adabu.

Alifuata sheria yake mwenyewe, akaenda kupima, tarehe 19 Agosti 2024, presha ikaonekana nzuri, malaria hakuna, sukari iko sawa, akapewa vidonge vya kutuliza maumivu, Novemba akapimwa macho akapewa miwani, ambayo Jesse alimtania kwamba sasa anafanana na afisa elimu. Tarehe 20 Desemba alikwenda Gonja kwa Krismasi, akakaa wiki mbili, kichwa hakikumuuma hata dakika moja, akanipigia simu kwa furaha, Goodness, kichwa nimekiacha Babati kinalinda nyumba. Nilicheka. Ofisini hakikumuuma, kanisani hakikumuuma, sokoni hakikumuuma, kilimuuma nyumbani tu, na sana sana Jumamosi na Jumapili anaposhinda ndani, na mimi nilikaa nikamtolea sababu tatu zilizopangwa vizuri, kwamba ni upweke tangu baba aondoke, kwamba ni umri, kwamba ni mawazo ya kustaafu, zote tatu zikaonekana zina akili, na hakuna hata moja iliyokuwa kweli.

Tarehe 2 Juni mwaka huu alirudi hospitali, daktari akamuuliza swali ambalo lilitosha kumwokoa, akamuuliza, mama, unapikia wapi, na mama akajibu kwa uaminifu wake wote, napikia jikoni, nje. Hakudanganya. Jiko letu liko nje, hata sasa hivi moshi mnauona, ugali, maharage, wali, vyote alipikia pale, lakini kwa mama, na kwa bibi yake, na mimi nikiulizwa ningejibu hivyo hivyo, kupika ni chakula, chai ya kichwa si kupika, ni kujitunza, haihesabiki. Daktari akaandika, akaendelea na swali lingine. Nimelirudia jibu hilo kichwani siku nne, natafuta mahali pa kumkamata mtu, simpati, daktari aliuliza sawa, mama alijibu sawa.

Jumapili ya tarehe 13 Julai alisali ibada ya kwanza, akaimba, akasalimiana na watu, saa sita akarudi nyumbani, baridi ilikuwa kali na kijua hakikuonekana, akaingiza jiko. Saa nane kasorobo alinipigia, nilikuwa najiandaa na mtihani wa mwisho, akaniambia kichwa leo kimenijia na ngoma zake, na mimi nikamwambia, na haya ndiyo maneno yangu ya mwisho kwa mama yangu, nimeamua myasikie nyote ili nisibaki nayo peke yangu, nikamwambia, mama, funga dirisha usipigwe na baridi, kunywa chai yako, ujifunike, nitakupigia jioni. Akaniambia, sawa, mheshimiwa mzungumzaji. Alikuwa ananiita hivyo tangu nijiunge na klabu ya midahalo.

Saa nane na nusu Bi Sabaha alivuka njia akaja kumwangalia, akiwa na tangawizi mbichi mkononi kama alivyoleta kila Jumapili, mama ndiye aliyeiponda, mama ndiye aliyeitia kwenye birika, mama ndiye aliyemimina vikombe viwili kutoka kwenye birika moja, nao wakanywa, wakajifunika, wakaongea habari za Muzamil na uchumba wake. Na Bi Sabaha naye kichwa kikaanza kumuuma, mama akamcheka, akamwambia, tazama, kimekuhamia wewe, ongeza kikombe. Ilipokaribia saa kumi Bi Sabaha alisema anakwenda kuswali Alasiri, mama akamwambia, jasho halijakukauka, utaharibu dawa, swali hapa hapa, na Bi Sabaha akajibu, Mama Jesse, Mungu wangu hanisamehe kwa ajili ya jasho, akasimama, miguu ikamlegea, akashika ukuta, akatoka, akafunga mlango nyuma yake kama alivyoombwa na mwenye nyumba.

Akaenda kwake akatawadha, akaswali amekaa kwa sababu kusimama alishindwa, akatapika mara mbili, alidhani ni chakula, akajilaza kidogo, na alipoweza kusimama, karibu saa kumi na moja, akavuka njia tena na mumewe, Mzee Halidi, kumuuliza mama kama naye anatapika. Walimkuta ameketi kwenye kochi, kanga kichwani, kikombe kimesimama vizuri pajani hakijamwagika. Mzee Halidi alifungua madirisha yote, Bi Sabaha alianguka pale pale kizingitini, wote wawili wakapakiwa kwenye bajaji moja kwenda hospitali, na saa kumi na mbili kasoro dakika kumi Dokta Elineema alithibitisha kwamba mama amefariki, na Bi Sabaha akawekewa hewa ya oksijeni mpaka kesho yake mchana, huku mjini wakisema aliondoka mzima.

Dokta alichukua damu za wote wawili, ya aliyekufa na ya aliyepona, akatuita Jesse na mimi na Baba mdogo, akatueleza kwamba ndani ya damu ya mama na ndani ya damu ya Bi Sabaha kumekutwa kitu kimoja, hewa ya sumu ya mkaa, haina rangi, haina harufu, inamlaza mtu taratibu, tofauti ni kwamba mmoja alitoka kuswali na mwingine alibaki kulinda jasho. Kwenye chai hamkuwa na kitu. Alimimina mbele yetu ile iliyobaki kwenye birika tulilompelekea, akaonja.

Basi nawauliza, na hapa naomba mnijibu mioyoni, mtu anayetaka kumuua mwenzake anakunywa kutoka kwenye birika hilo hilo, anakubali kikombe cha pili, yeye mwenyewe analazwa, kisha akiruhusiwa hospitali haendi kulala, anakwenda kukaanga vitumbua vya msiba? Kama kuna mwenye hoja ya upande wa pili, nimemsubiri siku nne, hajasimama, amenong'ona tu. Na kama msiba huu lazima upate mkosaji, mimi niko hapa mbele, nina jina na nina namba ya simu ya fundi, niliyasema maneno mawili yaliyoziba nyumba hii, ziba, na miezi kumi na tano baadaye, funga dirisha, na yote mawili niliyasema kwa kumpenda. Nimezoea kuwa na mtu wa kubishana naye. Hapa nimegeuka kila upande, kuna bibi aliyekuwa sahihi kwenye nyumba yake, kuna baba aliyeacha matundu, kuna daktari aliyeuliza, kuna fundi aliyepiga simu, na kuna mimi, na hata nikijishinda mimi mwenyewe kwa kura zote, mama hanyanyuki.

Shukrani ni ndefu. Tunamshukuru Dokta Elineema na wauguzi wa zamu ile ya Jumapili kwa kutueleza ukweli tulipokuwa tunataka uongo, dereva wa bajaji ambaye hakusubiri kulipwa wala jina lake hatulijui, mchungaji na kwaya, wafanyakazi wenzake mama waliofunga kijumba chake cha chai na kuweka kikombe chake juu ya meza, majirani mliochota maji, mliopasua kuni, mliolala na sisi kwenye mikeka, kamati ya msiba na Baba mdogo Melkiori ambaye amenikazia macho tangu ukurasa wa pili lakini hajaja kuninyang'anya spika, asante Baba mdogo, na shangazi Kandida, uliyeng'oa mchaichai kwa uchungu, nimeurudishia udongo jana jioni, mmea ule si mwepesi kufa, utausaidia kuumwagilia.

Mzee Halidi, asante kwa kufungua madirisha. Bi Sabaha, Mama Muzamil, wewe sikushukuru kwenye orodha ya majirani, kwa sababu kwenye orodha ya ndugu wa marehemu kuna kiti kimoja kimebaki mstari wa mbele, kati ya Jesse na shangazi, na Jesse ameshasimama anavuka njia kukufuata, naomba mumpishe. Njoo na zile chupa mbili. Jua limepanda, chai imepoa najua, tutakunywa hivyo hivyo, mimi wa kwanza, hapa nje penye upepo, kabla hatujamnyanyua mama.

Na mkirudi makwenu, naomba jambo moja tu, anayeota jiko ndani leo, na baridi hii ya Julai najua mko wengi, alitoe, na kama hawezi kulitoa, aache mlango wazi, na ukiumwa kichwa nyumbani tu lakini ukitoka kinapona, usitafute sababu tatu kama mimi.

Mama, mtu wa tatu wa mwaka themanini na sita, ulipoza vichwa vya watu wengi na chako hatukukijua. Asubuhi ya leo, kabla ya jeneza kuingia sebuleni, Jesse alipanda ngazi ya baba na nyundo ya baba, akatoboa saruji ile juu ya kila dirisha, vumbi la Maisaka limeingia lote, limekaa kwenye makochi yako, na hatujalifuta.

Pumzika kwa amani, Mama, matundu ya baba yako wazi.